Amplifaya Ndogo Machimboni

Walimwita Mama Sauti. Akiita mtu aliye nyumba ya kumi, kuku wa nyumba ya kumi na moja huitika. Lakini machimbo ya mawe ni mapana, na mashine za kusaga kokoto hupiga kelele kuliko kikao cha mawifi. Hata yeye alihitaji amplifaya na spika.

Kazi yake ilikuwa moja. Kabla ya mwamba kulipuliwa, aliwatangazia wavunja mawe wote kumi na wanane mara tatu: "Mlipuko! Tokeni mashimoni!" Kisha alisubiri. Asiposikia mtu akipiga kelele, alimwambia mume wake, mlipuaji wa baruti, "Washa." Kimya maana yake wote wameondoka. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Mvua ikaharibu amplifaya ya zamani. Msimamizi akamwambia Mama Sauti achague nyingine.

Jioni walikaa sebuleni. Binti yake, msusi, akafungua simu.

"Mama, tazama. Huyu kazi yake ni kuchambua vifaa vya sauti. Watu laki mbili wanamfuata."

Kwenye simu kijana mwenye miwani alikuwa ameshika kitu cha ukubwa wa tofali. "Kadogo, lakini ni moto!" alisema. "Sauti safi, nzito, inajaza chumba. Nakapa nyota tano!"

"Na boksi limeandikwa wati mia mbili," binti aliongeza.

Mdogo wake Mama Sauti alicheka. Huyu waliishi naye. Alivunja mawe katika shimo la mbali kabisa, na kila mtu alimwita Kisigino. "Dada, hako si ka kuwekea sukari?"

"Nyamaza wewe. Redio yako mpaka uipige kofi ndiyo iongee."

Wakanunua. Wakakajaribu palepale sebuleni. Glasi zikatetemeka kabatini. Kisigino akakimbilia nje, vidole masikioni. "Nimekubali, dada! Nimekubali!"

Siku ya tatu palikuwa na mlipuko.

Mama Sauti alitangaza. Mashine za kokoto zilinguruma. Akaona sauti haiendi mbali, akazungusha kitufe mpaka mwisho. Sauti ikaanza kukwaruza. Watu wa mashimo ya karibu walitoka mbio. Akatangaza mara ya tatu. Akasikiliza. Kimya.

"Washa," alisema.

Kule shimo la mbali walikuwamo watu watatu. Wawili walitoka na majeraha. Baadaye walisema walisikia kitu kama mafuta yanayokaanga, wakadhani ni mashine. Wa tatu alitolewa amefunikwa turubai. Viatu vyake ndivyo vilivyomtambulisha.

Alikuwa Kisigino.

Baada ya mazishi Mama Sauti alizungumza kwa kunong'ona tu. "Nimemuua kwa mdomo wangu," alimwambia mumewe.

"Mkono uliowasha ni wangu," mume alijibu. Hawakuangaliana.

Fundi redio wa mtaani alikuja kuwapa pole. Alikaa, akanywa maji, kisha akaomba kuiona ile video. Aliitazama mara mbili.

"Binti, huyu amekaa umbali gani na spika?"

"Hatua mbili, fundi."

"Chumba kikubwa?"

"Kidogo kuliko hiki."

"Na spika zake ni za aina inayotoa sauti kubwa kwa nguvu ndogo. Zenu hazipo hivyo. Amesema hayo?"

"Hajasema."

"Amesema kikilazimishwa kinafanya nini?"

Binti alitikisa kichwa.

"Basi hakudanganya. Amenyamaza tu," fundi alisema. "Msimamizi aliniletea kifaa chenu, nikakipima. Wati mia mbili ni za kufumba na kufumbua. Za kazi ni ishirini. Kwa sebule, kinatosha na kubaki. Lakini nje, kila ukizidi kwenda mbali, sauti inazidi kufa. Ukikaza kitufe, hakina tena cha kutoa. Kinayakata maneno vichwa. Mtu anasikia mkwaruzo, hasikii neno."

"Tungeongeza wati mara mbili?" mume aliuliza.

"Sikio lingesikia nyongeza ndogo tu. Mnahitaji nyingi zaidi, na spika za tarumbeta, zile za mdomo mpana, karibu na kila shimo. Tena mjaribu palepale, mashine zikiwa zinafanya kazi. Sebuleni hapana mashine."

Binti alimwandikia yule mchambuzi. Akamweleza yote. Jibu lilikuja kesho yake: "Poleni sana. Lakini mimi nilisema kinajaza chumba. Sikusema machimbo."

Mama Sauti alisomewa jibu hilo. Kisha akasema, kwa sauti yake ya zamani, "Kimya kingine hicho. Mimi sitaki tena kusubiri kimya."

Fundi alifunga amplifaya kubwa na spika nne. Binti akaenda shimo la mbali na karatasi. Mashine zikinguruma, mama yake alitaja namba kumi kwa kila kifaa. Kwa kifaa kidogo, binti aliandika mbili, na moja alikosea. Kwa kikubwa aliandika zote kumi.

Mama Sauti akaweka na sharti lake. Kila shimo lilitundikiwa kipande cha reli. Watu wakishatoka wote, wa mwisho anakigonga mara tatu. Bila mlio huo, hapawashwi kitu.

Siku ya mlipuko ikafika. Alitangaza mara tatu. Mashimo ya karibu yakagonga. Shimo la mbali, hapana.

"Mama watoto, wameshatoka hao," mume alisema.

"Umesikia chuma?"

"Sijasikia, lakini labda..."

"Labda ndiyo iliyomzika ndugu yangu. Weka waya wa baruti chini."

Akauweka. Dakika kumi zikapita. Ndipo reli ikalia kwa mbali: moja, mbili, tatu.

Watu wa shimo hilo walikuwa wameusikia mwito vizuri. Ila mwenzao mmoja mguu ulinasa kati ya mawe, wakawa wanamtoa. Alikuja akichechemea, akiegemea mabega yao.

"Washa," alisema Mama Sauti.

Mwamba ulianguka. Vumbi likatulia. Watu walihesabiana kando ya barabara. Walitimia kumi na saba, wote wazima.

Mama Sauti alirudia kuhesabu, taratibu, kama vile wa kumi na nane angeweza bado kutokea.