Miwani ya Thoa na Usingizi wa Mchana

Saa sita mchana kengele inalia kwenye ghala la korosho pale Binh Phuoc, na watu wanalala. Wali na samaki havijashuka vizuri tumboni, tayari mtu katandika boksi lake kati ya magunia, anakoroma.

Anayekoroma kuliko wote ni Bi Sen, mchambua korosho wa miaka sitini na miwili. Anayeamka kabla ya wote ni mkwe wake, Thoa. Huyu ni dereva wa foklifti, lile gari linalonyanyua magunia kwa vyuma viwili vya mbele.

Jumatatu moja, wawili hao nusura wakutane vibaya. Thoa alikuwa amebeba magunia hadi juu ya macho yake. Mbele haoni kitu. Alipaswa kuendesha kinyumenyume, lakini lori lilikuwa linasubiri, akasonga mbele hivyo hivyo. Ghafla akasikia ukelele. Akakanyaga breki! Vyuma vilisimama shubiri moja tu kutoka kwenye nyayo za Bi Sen.

Jioni, mezani, Bi Sen hakumung'unya maneno.

"Una macho mawili, na bado unataka kunisaga!"

"Mama, na wewe umelala njiani kama gunia."

"Ningekuwa gunia ungenikwepa!"

Vinh, mume wa Thoa, aliinamia bakuli lake. Mama na mke wakirushiana maneno, yeye hunywa mchuzi.

Thoa alicheka, lakini akalisukuma bakuli lake kando. Meneja alikuwa amesema: kosa moja tena, anashuka kwenye foklifti moja kwa moja. Tena Thoa alijua kwamba kosa hilo linaweza kuwa maiti.

Wiki ile ile akaja Khanh, fundi wa mashine za ghala, na sanduku mkononi.

"Dada Thoa, vaa miwani hii."

"Mimi naona vizuri, kaka."

"Hata mwewe haoni nyuma ya magunia. Panda, nyanyua mzigo."

Thoa akapanda, akanyanyua. Halafu akapiga yowe mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Pale pale magunia yalipomziba, ndani ya kioo ilitokea njia ya mbele. Aliona nguzo, aliona ndoo, akamwona na Khanh mwenyewe, amezungushiwa mstari mwekundu.

"Kaka! Nakuona! Umeshika kiuno! Sasa unajikuna!"

"Basi, usitangaze yote," Khanh akasema, akiuficha mkono. "Nimefunga kamera chini, mbele ya foklifti. Inaona usichokiona wewe. Miwani inaiweka picha hiyo juu ya yale unayoyaona kwa macho yako. Huondolewi kitu, unaongezewa tu. Ukiona kijani, njia haina kitu. Ukiona nyekundu, simama."

"Na mtu aliye nyuma ya kona?"

"Huyo kamera haimfikii. Ndiyo maana kila kizibao cha kazi kimeshonewa kidude hiki. Kinaiambia miwani: hapa pana mtu."

Siku tatu Thoa aliendesha kama bibi harusi kwenye gari la maua. Siku ya nne, mchana, alama nyekundu ikawaka upande wa kona ya kushoto. Akasimama. Akapiga honi. Kimya.

"Mama, amka!"

Kimya. Akashuka kutazama. Kilikuwa kizibao cha Bi Sen, kinaning'inia peke yake kwenye msumari. Joto lilimshinda, akakivua.

Thoa akacheka. Halafu kicheko kikamkauka. Kizibao kiko hapa, mwenyewe yuko wapi?

Akakimbilia kona ya kulia, alikotaka kupita, ambako miwani ilionyesha kijani. Bi Sen alikuwa pale nyuma ya kona, chali juu ya boksi, mdomo wazi.

"Mama!"

"Nini? Korosho zinaungua?"

Thoa akaketi sakafuni. "Kidogo nikuue, Mama. Miwani inadhani uko kwenye msumari."

Bi Sen akaitazama foklifti, kisha akaenda kukitoa kizibao chake kwenye msumari.

Khanh akawaita wote. "Miwani si mganga. Usipovaa kizibao, haikujui. Nanyi madereva, kwenye kona mnasimama, mnapiga honi, mnakwenda polepole, hata kama ni kijani. Magunia yakikuziba, bado unarudi kinyumenyume. Kamera mnafuta kila asubuhi, maana vumbi likiiziba ni kipofu. Na njia ya foklifti si kitanda."

"Basi tulale wapi, kichwani kwako?" Bi Sen akauliza. Ghala zima likaangua kicheko, meneja naye akacheka. Kesho yake stoo ya zamani ilisafishwa, zikafungwa bembea za kulalia na feni mbili.

Miezi mitatu imepita. Hakuna aliyeguswa, hata nguzo haina mkwaruzo. Thoa yuko juu ya foklifti, na sasa anawafundisha madereva wengine wawili.

Juzi dereva wa lori, mgeni, alitandika boksi kati ya magunia. Bi Sen akatokea, kizibao kimefungwa hadi shingoni, jasho linamtiririka.

"Wewe baba! Inuka! Hujui hii ni barabara ya mkwe wangu?"

"Si nasikia ana miwani ya maajabu, mama? Ataniona tu."

"Kwani wewe kizibao chako kiko wapi?"