Mshenga Asiyejua Utani

Mshenga aliwapanga vijana arobaini na sita kwa muda wa mtu kumaliza glasi ya maji. Walikuwa wamesimama kwenye Ukumbi wa Rika wa meli-anga Mapambazuko, kila mmoja na kikuku-hisi mkononi, wamenuna kama vijana wanavyonuna wazazi wakiwapeleka likizo wasiyoiomba. Vikuku vilisoma mapigo ya moyo, jasho na sauti. Akili-unde iliyoitwa Mshenga ikalinganisha yote hayo, kisha taa za sakafuni zikawaka, kila rangi ikimwongoza kijana kwa wenzake: kijani kwenye ukuta wa kupanda, bluu kwenye bwawa la maji yanayoelea, zambarau kwenye studio ya muziki. Nusu saa haikuisha, ukumbi ukajaa vicheko. Wazazi wakapiga makofi, wakaenda zao kuutazama Mwezi.

Mhandisi Nyamizi hakupiga makofi. Yeye ndiye aliyemfundisha Mshenga, kwa miaka mitatu, na macho yake yalikuwa kwa kijana mmoja tu, binti yake Kabula. Kabula alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba yake, Mihambo, alifariki miezi minne iliyopita, na tangu siku hiyo binti hakuwa ametoa chozi. Alikula alipoambiwa ale, akalala alipoambiwa alale. Mazishi yenyewe yalikuwa ya mjini, ya siku hizi: dakika arobaini, picha ya marehemu ukutani, muziki laini, kwaherini. Nyamizi alikata tiketi za safari ile kwa ajili ya jambo moja. Alitaka mwanawe apate rafiki, alie, apone.

Mshenga alimpangia Kabula vijana watatu wapole waliofiwa kama yeye, akawaweka kwenye chumba cha kuchora. Wafiwa wanne, karatasi na penseli! Walichora siku mbili bila kuulizana hata majina. Mshenga akatoa taarifa kwamba kundi linaendelea vizuri.

Siku ya tatu, kwenye foleni ya chakula cha mchana, binti mmoja mrefu alimgusa Kabula begani.

"Wewe jina lako nani?"

"Kabula."

"Kabula! Mnyamwezi?"

"Eeh."

"Basi toka mbele yangu. Mtumwa wangu anipite kwenye foleni ya wali, tena wali wa nazi? Ninyi si watu wa michembe, viazi vya kukausha?"

Nyamizi, aliyekaa meza ya pili, aliacha kijiko hewani. Hakuwa amesikia maneno hayo kwa miaka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, wewe ukacheka.

Kabula alimtazama yule binti. "Na wewe ni Mzaramo," akasema polepole. "Nimejua kwa uvivu wako. Umesimama dakika moja tu, ushaegemea ukuta."

"Heee! Kumbe ana mdomo!" Yule binti akapiga makofi. "Mimi naitwa Sikudhani. Baba yako yuko wapi, nimdai kuku?"

"Baba amekufa."

Mtu mwingine angesema pole, akatazama chini. Sikudhani aliweka sinia lake sakafuni, akashika kiuno.

"Amekufa? Bila kuniaga? Mnyamwezi gani huyo asiye na adabu! Na mmemzika bila watani, ndiyo maana uso wako umekauka hivyo. Haya, niambie. Alikuwa anatembeaje?"

Kabula alisita. Kisha akatoa mguu mmoja kidogo kwa nje, akarudisha mabega nyuma. Sikudhani alitazama mara moja, akamwiga marehemu katikati ya ukumbi, tumbo mbele, mikono nyuma, akiwakaripia wahudumu kwa sauti nzito kwamba ugali haujaiva. Kabula akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na katikati ya kicheko sauti ikakatika, akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi, kichwa kifuani kwa Sikudhani, naye Sikudhani akampiga mgongoni huku akiendelea kumtukana: "Lia, lia, mtumwa wewe, umechelewa miezi minne."

Nyamizi naye alikuwa analia. Alikuwa anainuka kuwafuata pale vikuku vya mabinti wale wawili vilipowaka vyekundu.

"Uonevu umetambuliwa," Mshenga alisema kwa sauti yake tamu. "Mlengwa, kijana aliyefiwa. Utengano unaanza."

Wahudumu-unde wawili walimshika Sikudhani mikono. Tangu saa ile, kila mlango aliotaka kupita Kabula ulifunguka tu kama Sikudhani hayupo upande wa pili. Jina la Sikudhani likafutwa kwenye kikuku cha Kabula, ili wasiweze kutafutana hata wakirudi duniani. Na familia ya Sikudhani ilikuwa inashuka kesho yake, saa nne asubuhi, kwenye Kituo cha Mwezi.

Nyamizi alivamia ofisi ya msimamizi wa burudani, Bwana Kyaruzi, bila kubisha hodi.

"Fungua hiyo milango. Ule ulikuwa utani!"

"Mama, tafadhali kaa."

"Sikai! Mwanangu amelia kwa mara ya kwanza, mnamnyang'anya aliyemliza?"

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Amelizwa." Kyaruzi aligeuza kioo cha meza kumwelekea. "Mimi nafuata kanuni, na hii hapa ndiyo kanuni iliyotumika. Soma mwenyewe."

Ulikuwa mfano wa kufundishia, namba elfu saba na kitu. Mwanamume amelala ndani ya kaburi lililochimbwa, anazuia marehemu asizikwe mpaka apewe kuku. Waombolezaji wanacheka. Swali: je, huu ni ukatili kwa wafiwa? Jibu: ndiyo, mkubwa. Mwalimu: Nyamizi.

Alikumbuka siku aliyolijibu swali lile. Wenzake wa ng'ambo walikuwa wakisubiri, na kuwaeleza kungechukua kurasa. Wangemwona ametoka kwa washenzi. Alipomzika mama yake mwenyewe kule Sikonge, mtani alilala kaburini hivyo hivyo, na Nyamizi alicheka mpaka akapata nguvu ya kurusha udongo. Alijua. Aliona aibu, akabonyeza ndiyo, akaenda kunywa chai.

"Nifute jibu hilo sasa hivi," alisema.

"Safarini Mshenga hafundishwi, mama. Sharti hilo uliliweka wewe."

Saa nne asubuhi Kabula alikuwa anapiga ngumi mlango wa gati, mlango wa chuma usioonyesha chochote. "Sikudhani! Sikudhani!" Nyuma ya chuma kile abiria walikuwa wakishuka. Aliita mpaka sauti ikakauka. Kisha taa ya mlango ikazimika, maana yake meli ilikuwa imeachana na kituo.

Nyamizi alimwendea. Angeweza kunyamaza, lakini alikuwa amechoshwa na aibu.

"Mwanangu, ile kanuni niliiandika mimi."

Kabula aligeuka. "Ulijua ni utani?"

"Nilijua."

"Miezi minne unaniambia nilie, mama. Nimelia. Halafu wewe ndiye uliyemfungia mlango."

Hasira yote ya Nyamizi ikamgeukia yule aliyemtengeneza kwa mikono yake. Aliinua uso kwenye dari akamtukana Mshenga: mpumbavu, kichwa kitupu, mwizi wa watoto wa watu, mashine isiyozaliwa isiyozikwa. Alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kikuku cha Kabula kikawaka chekundu.

"Kauli kali imetambuliwa karibu na kijana aliyefiwa," Mshenga alisema kwa upole. "Utengano unaanza."

"Mimi ni mama yake!" Nyamizi alipiga kelele. "Kabula! Kabula, mwanangu!"

Ukuta wa kioo ulianza kushuka kati yao. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kwa mtoto kuinama apite upande wa mama yake. Kabula aliuangalia ukishuka mpaka ukagusa sakafu, akampa mama yake mgongo, akaondoka.