Kura ya Bibi Ernestine

Kila siku alasiri, Renita Tolliver akitoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwa macho ya bibi yake. Alitua begi, akanawa mikono, akaketi kwenye meza ya jikoni na kusoma kwa sauti kila kilicholetwa na posta: barua ya hospitali, tangazo la duka, kadi kutoka kwa jamaa wa Mississippi. Bibi Ernestine alisikiliza huku akimenya viazi. Vidole vyake vilijua kazi bila kuangalia, lakini macho yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na maandishi madogo aliyaona kama sisimizi.

"Soma polepole, mwanangu," alikuwa akisema. "Sisimizi wangu leo wanakimbia."

Bibi alihamia kwao Harmon, mji mdogo wa viwanda huko Ohio, mwezi wa Aprili, baada ya kuanguka kwenye ngazi za nyumba yake. Yolanda, mama yake Renita, alikwenda kumchukua Mississippi kwa gari, mwendo wa siku mbili kwenda na kurudi. Renita, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimpa bibi nusu ya chumba chake bila kunung'unika. Alimpenda. Hata alipofanya alilolifanya, hakulifanya kwa chuki. Alilifanya kwa haraka.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Mama alikuwa amevaa buti za kazini, tayari kwenda ghalani anakopakia mizigo.

"Leo mnatoka shule mapema, siyo? Basi mpeleke bibi yako ofisi ya ustawi wa jamii," alisema. "Ni fomu za msaada wa chakula na za matibabu. Nimeomba ruhusa, wamekataa. Wewe ndiye msomi wetu."

"Sawa, Mama. Lakini saa tisa kuna majaribio ya kwaya."

"Utawahi. Kwani fomu zina miguu, zitakukimbiza?"

Ofisini palijaa watu. Wakangoja tangu saa sita hadi saa nane kasoro robo. Walipoitwa, waliketi mbele ya karani mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, Bi. Lenhart. Alikuwa mpole lakini amechoka, na simu yake haikunyamaza. Alimpa Renita rundo la karatasi na kumwelekeza moja baada ya nyingine. Renita alisoma, bibi akajibu, kalamu ikaenda. Jina, umri, anwani, dawa anazotumia. Saa ya ukutani ikasogea hadi nane na dakika ishirini.

"Na hii ya mwisho," Bi. Lenhart alisema huku mkono wake mmoja ukiinua simu, "ni ya kupiga kura. Kwa kuwa amehamia hapa, anaweza kujiandikisha hapahapa. Mwulize bibi yako kama anataka."

Wakati huo bibi alikuwa amegeuka, anamchekesha mtoto mchanga wa mama aliyeketi nyuma yao. Renita akaisoma karatasi kimoyomoyo. Iliuliza: ikiwa hujajiandikisha kupiga kura mahali unapoishi sasa, ungependa kujiandikisha leo? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Akaona kwamba ukitia alama kwenye Ndiyo, kuna fomu nyingine nzima ya kujaza.

Akatazama saa. Akatia alama kwenye Hapana.

"Bibi, tia sahihi hapa."

"Hii ni ya nini?"

"Ya mwisho tu, Bibi. Ya kawaida."

Bibi akainama, akaandika jina lake taratibu, na ile E yake kubwa yenye mkia. Bi. Lenhart, simu bado sikioni, akaipokea karatasi na kuitia kwenye jalada.

Njiani bibi aliuliza, "Na habari ya kura, hawakuuliza? Kule kwetu ofisi kama hizi huuliza."

"Tumemaliza kila kitu, Bibi," Renita alijibu. Uongo wa kwanza huuita wa pili.

Aliwahi majaribio, akaimba vizuri, akachaguliwa.

Novemba ikafika. Siku ya uchaguzi shule ilifungwa, maana ukumbi wake wa michezo ulikuwa kituo cha kupigia kura. Renita alipoamka alimkuta bibi amekwisha kuvaa gauni lake la buluu la kanisani na kofia yenye ua.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Swali gani hilo? Kupiga kura. Nasikia wanauliza kama mji utoe kodi kidogo ili lile basi dogo la wazee liendelee. Wakiliondoa, nani atanipeleka kliniki? Wewe utanibeba mgongoni?"

Alicheka, akaketi kitandani afunge viatu, na huku akifunga alisimulia. "Kule Mississippi enzi hizo sisi Weusi tulizuiwa kupiga kura. Baba yangu alikwenda mahakamani, walikoandikisha wapiga kura, mara tatu kujiandikisha. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba karani hayupo, na karani mwenyewe alikuwa pale, anakula pichi. Mara ya pili alipewa kifungu cha sheria akieleze. Akakieleza vizuri. Wakasema, hukufaulu. Mara ya tatu alirudi nyumbani akakuta mwenye shamba tulilokuwa tukiishi ameshapata habari, na vyombo vyetu viko nje. Mimi nilipojiandikisha, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, baba alisimama nyuma yangu na suti yake ya kanisani. Tangu siku hiyo, zaidi ya miaka hamsini sasa, sijakosa uchaguzi hata mmoja."

Renita angeweza kusema palepale. Lakini alijiambia kwamba pengine jina la bibi limeingia kwa njia nyingine, pengine mambo yatajirekebisha yenyewe. Akavaa koti, akamshika bibi mkono, wakaenda.

Kituoni, kijana aliyekuwa mezani alitafuta jina mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Sikuoni, mama. Samahani."

"Tafuta tena, mwanangu. Tolliver. Herufi L ziko mbili."

"Nimetafuta, mama. Naweza kukupa kura ya muda. Utapiga, tutaiweka kando, halafu wataichunguza. Ukiwa umejiandikisha itahesabiwa. Kama hujajiandikisha, haitahesabiwa."

"Nimejiandikisha," bibi alisema, akiinua kidevu. "Nilijaza kila kitu. Mjukuu wangu shahidi."

Kijana alimtazama Renita. Renita alitazama viatu vyake.

Wakapewa karatasi. Renita akasoma, na safari hii alisoma kila neno, pole kwa pole, mpaka lile swali la basi. Bibi akajaza duara lake kwa wino, kwa uangalifu kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Kumwona hivyo, na kujua kwamba kazi hiyo yote ni bure, kulimuuma Renita kuliko kiboko.

Ile kodi ya basi ilishindwa kwa kura sitini na tatu. Wiki tatu baadaye ikaja barua, na Renita ndiye aliyeisoma. Kura ya Ernestine Tolliver haikuhesabiwa, kwa sababu hakuwa kwenye daftari la wapiga kura.

Bibi aliweka kisu mezani. "Hawakuniuliza! Walinipitisha kama gunia! Kesho tunakwenda huko ofisini, na huyo mama wa miwani atanieleza."

Kesho yake Bi. Lenhart alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Uso wake ulipauka. Alikwenda kabatini, akarudi na jalada, akatoa karatasi moja na kuiweka mbele ya bibi.

"Fomu yenyewe ni hii, mama. Jibu lililotiwa alama ni Hapana. Na sahihi ni yako."

Bibi aliisogeza karibu na uso, karibu kabisa. Maneno hakuyaona, lakini ile E kubwa yenye mkia aliiona. Akaipapasa kwa kidole. Hasira yote ikamtoka, akaonekana mdogo ndani ya koti lake.

"Nisamehe, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kukugombeza, kumbe kichwa changu ndicho kimeharibika."

Renita alimshika mkono, akamwongoza mlangoni.

Tangu siku hiyo bibi akawa mtu mwingine. Aliacha kupika, akisema asije akasahau jiko na kuwaunguza. Alimwuliza Yolanda mara nne kama amekunywa dawa, ingawa alikuwa amekunywa. Wakati wa chakula alikunja leso na kuikunjua.

"Dada yangu Lucinda huu ugonjwa wa kusahau ulimwanza hivihivi," Renita alimsikia akimwambia mama. "Mwisho hakuwajua hata watoto wake. Nilikataa kura, Yolanda. Mimi! Na sikumbuki hata kidogo."

Mama alimtafutia daktari wa ubongo. Renita naye kwenye kwaya akawa anafumbua mdomo tu, sauti haitoki. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu mwenyewe ndiye aliyekuwa akijuta, na bado alinyamaza, kwa sababu kila siku iliyopita iliongeza uzito wa neno alilopaswa kulisema.

Ijumaa moja alirudi kutoka shuleni akamkuta bibi kakaa jikoni, mezani hakuna viazi. Bibi alimsukumia mkoba wake mweusi, ule ambao hakumwachia mtu yeyote kuushika.

"Kaa nao wewe," alisema. "Nisije nikaupoteza. Siku hizi sijiamini."

Renita akaanza kulia.

"Bibi, huna ugonjwa. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ile fomu. Hukuikataa wewe. Sikukuuliza. Nilitia alama mwenyewe kwa sababu nilikuwa nachelewa kwaya, nikakudanganya kuwa ni ya kawaida. Na njiani nikakudanganya tena."

Bibi akauvuta mkoba wake, akaushika kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo akili yangu ni nzima?"

"Nzima, Bibi."

"Ashukuriwe Bwana." Akafunga macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu na makali. "Umeniacha wiki nzima najizika nikiwa hai, mtoto wewe. Umeniona, ukanyamaza."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Mama alipoambiwa alikaa chini na buti zake bila kuzivua. Hakupiga kelele, na Renita angependa apige. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, na safari hii akaipata, wote watatu wakaenda ofisi ya ustawi. Mama alimsimamisha Renita mbele ya meza ya Bi. Lenhart.

"Nilitia alama bila kumwuliza bibi," Renita alisema. "Kisha nikawaacha mdhani amesahau. Naomba radhi."

Bi. Lenhart alivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye kamba. "Asante kwa kusema. Lakini na mimi nina langu. Sheria inanitaka nimwulize mwenye kura, nami nilimwuliza mtoto, huku nimeshika simu. Mama Tolliver, nisamehe na mimi. Nimelala vibaya tangu siku ile."

"Basi niulize sasa," bibi akasema.

Bi. Lenhart aliweka simu kando, akazunguka meza, akaketi karibu na bibi na kumsomea kila mstari. Alipofika kwenye swali, bibi alijibu "Ndiyo" kwa sauti iliyofanya watu wa nyuma wageuke. Akaomba aonyeshwe kisanduku kilipo, akatia alama kwa mkono wake mwenyewe.

Kadi ya mpiga kura ilifika Januari. Lakini basi la wazee lilikuwa limekwisha kusimamishwa tangu mwaka mpya. Siku ya kliniki, mama akiwa kazini, Renita alimsindikiza bibi kwa miguu, mitaa sita, katika baridi kali. Theluji iliyokanyagwa ilikuwa imeganda, ikabidi wapige hatua fupi fupi. Mtaa wa nne bibi alisimama apumzike, ameshika uzio wa watu.

"Kama basi lingekuwepo," Renita alisema, akashindwa kumaliza.

"Sisemi kura yangu ingeliokoa," bibi alijibu. "Lilishindwa kwa sitini na tatu, na mimi ni mmoja. Lakini nilikuwa na neno langu la kusema kuhusu mji huu, na halikusemwa. Hilo ndilo linaloniuma. Sikiliza, Renita. Asiyeona akikuomba umsomee, amekukabidhi sauti yake. Msomee yote, hata yale yanayokuchelewesha. Kisha ngoja ajibu, maana jibu ni lake, si lako. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa lako lilikuwa la dakika moja. Kunyamaza kwako ndiko kulikotuumiza wote."

"Ndiyo, Bibi." Renita akavuta pumzi. "Umeshanisamehe?"

"Tangu Krismasi. Sikukwambia tu, nilitaka ulifikirie kidogo."

Renita alitaka kutabasamu, lakini bibi alikuwa akitazama barabara tupu, kule basi dogo lilikozoea kutokea.

"Nimekusamehe kabisa," alisema tena, taratibu. "Ila kura ile hairudi, mwanangu. Haya, nipe mkono. Tumebakisha mitaa miwili."