Kifuniko cha Bakuli la Eizo

Rafiki yangu Sumie hapendi kuisimulia habari hii. Mimi mwenyewe niliipata kwake kwa shida.

Mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, kaka yake, Eizo, aliingizwa katika jeshi la kulinda pwani ya Kujukuri, Japani. Wakampeleka kuchimba mahandaki kilimani, nyuma tu ya nyumba yao, na handaki likamporomokea. Wiki hiyohiyo vita vikaisha. Makao makuu ya jeshi yakachoma makaratasi yote, wakubwa wakaenda zao, na hakuna aliyemfukua.

Kwa miaka ishirini mama yao alimpakulia wali kila jioni, akaufunika. Kwao huaminika kuwa kifuniko kikitoa jasho, aliye mbali yu hai.

"Mama, huo ni mvuke wa wali tu," Sumie alikuwa akimwambia.

"Haya, bingwa wa mvuke. Siku moja mfunikie bakuli tupu, uone."

Mama alipofariki, Sumie aliamua kumrudishia kaka yake bakuli, yaishe. Asubuhi aliingia handakini akipapasa ukuta, mpaka kwenye kifusi. Akaliweka bakuli chini, tupu na kavu, akalifunika.

"Kaka, mama hayupo tena. Leo sikupika."

Ndipo akasikia, nyuma ya kifusi, ko, ko, ko, kama sururu inayochimba. Kisha kimya.

Sumie alikaa gizani hadi machozi yakamkauka. Akafunua bakuli. Matone yakamdondokea vidoleni kutoka kwenye kifuniko, nayo yalikuwa ya moto.