Bendera ya Nyanya Aldona

Asubuhi moja ya likizo fupi ya Februari, Peris aliosha vyombo, akatandika kitanda, kisha akashuka kuanua nguo uani, nyuma ya maghorofa yao pale Kingsbury, London. Lo! Huko alikuta kizaazaa.

"Nani amechukua bendera yangu?" Nyanya Aldona, jirani yao mzee kutoka Lithuania, alikuwa akilia waziwazi. "Niliianika hapa Jumamosi. Leo ndiyo siku yake!"

"Nilimwona huyu karibu na kamba," jirani mmoja akasema, akimnyooshea kidole Jaya, rafiki yake Peris. Jaya alikana mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Mama yake alimshika mkono kwa aibu, akamrudisha ndani, na majirani wakaingia makwao wakinong'ona.

Peris alijua ilipo. Bendera ilikuwa chini ya kitanda chake! Alipoiona kambani Jumamosi ina manjano, kijani na nyekundu, alidhani ni ya Ethiopia. Akaichukua bila kuomba, akacheza nayo kanisani kwenye sherehe ya Afrika, na soda ikaimwagikia.

"Kwani leo ni siku gani, Nyanya?" aliuliza.

"Miaka hamsini iliyopita, mwaka 1949, siku kama ya leo, nchi yangu ilikuwa mikononi mwa Wasovieti. Wapiganaji wanane walikutana kijijini, ndani ya handaki. Wakatangaza kwamba Lithuania ni nchi huru. Wote wakatia saini, wakijua wakishikwa watauawa. Hakuna aliyeishi hadi uhuru ulipopatikana. Lakini walisema, mjukuu wangu. Walisema!"

Peris alishikwa na mshangao. Watu gani hawa, jamani! Kifo kiko mlangoni, nao wanatangaza. Na yeye aliogopa nini? Kugombezwa tu! Akapanda ngazi mbio, akarudi na bendera.

"Ni mimi, Nyanya. Nilidhani ni ya Ethiopia. Nisamehe."

Nyanya Aldona alilitazama lile doa, akashusha pumzi, akamkumbatia. "Litatoka tukilifua."

Mama yake Peris, muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kazini, na alisikia yote.

"Umefanya vizuri kukiri," alisema. "Lakini mwenzako ameitwa mwizi mbele ya watu, nawe unasema kweli pembeni? Ukweli unaomsafisha mtu husemwa mbele ya wale wale waliomchafua. Hapo ndipo penye ujasiri."

Peris alipanda ngazi tena. Akaenda kugonga kila mlango, wa Jaya ukiwa wa mwisho. Majirani walipokusanyika uani, alimshika Jaya mkono, akapaza sauti:

"Bendera niliichukua mimi, Peris. Jaya hakuiba kitu."