Mstari wa Chaki

Kila siku alipotoka shule, Kirezi alipitia soko la Kimironko, mahali ambapo mama yake, Illuminée, alishona pamoja na Mama Mukasine. Kazi yao kubwa haikuwa kushona nguo mpya. Watu walinunua nguo za dukani, kisha wakawaletea wazirekebishe: kubana kiuno, kupunguza mikono, kukunja pindo. Mama Mukasine, aliyekuwa mtu mzima zaidi, alipima na kukata; Illuminée alikaa kwenye cherehani.

Ijumaa hiyo dada mmoja mfupi, Connie, alileta suruali ya buluu. Jumatatu angeanza kazi katika ofisi moja huko Kacyiru. Mama Mukasine alimvalisha, akapiga mstari wa chaki pale suruali ilipopaswa kuishia, kisha akaenda kunywa chai. Illuminée naye alikwenda kutafuta uzi wa buluu.

"Fumua pindo tu," alimwambia Kirezi. "Mkasi usiuguse."

Kirezi alifumua upesi, akamaliza. Mkasi ulikuwa mezani. Alikuwa ameona watu wakikata mara mia. Kuna ugumu gani? Akakata mguu wa kwanza kwenye mstari wenyewe, akakata na wa pili. Ndipo akakumbuka. Mama Mukasine hukata vidole vitatu chini ya mstari, ili kibaki kitambaa cha kukunja! Akavificha vipande kwenye begi, akaikunja suruali, akafungua daftari la hesabu.

Illuminée aliporudi aliishika suruali akaduwaa. "Mama Mukasine! Hii imekatwa kwenye mstari!"

Mama Mukasine, aliyekuwa akirudi kutoka kunywa chai, aliichukua akaisogeza karibu na uso. "Nimekata nguo mbili kabla ya chai," alisema taratibu. "Kumbe na hii? Sikumbuki hata kidogo." Akavua miwani, akaifuta. "Ni macho haya, Illuminée. Yananiaga."

Kirezi aliinamia daftari. Akajifanya anahesabu.

Jioni hiyo Kirezi alisukuma sahani kando. "Una homa?" mama aliuliza akimgusa paji la uso. Kirezi akatikisa kichwa. Mkono ule wa upole ulimuumiza kuliko kofi.

Jumamosi asubuhi Mama Mukasine alifika akiwa na mkasi wake mkubwa, ameufunga kwa kitambaa safi. "Chukua, Illuminée. Mimi nitabaki nyumbani. Sitaki kuharibu nguo za watu."

"Si wewe!" Kirezi alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Ni mimi niliyekata! Nilikatazwa, nikakata, nikanyamaza. Nisamehe, Mama Mukasine!"

Mama Mukasine akakaa kitini. "Tangu jana naziba jicho hili, nasoma kalenda, naziba lile, nasoma tena," alisema. "Nilikuwa nasoma vizuri, nikadhani najidanganya."

Kirezi alitamani ardhi immeze.

Illuminée hakumpigia kelele. Alikata kitambaa chembamba cha buluu. "Suruali ina urefu ule ule wa mstari, ila haina cha kukunja. Tutashonea kitambaa hiki ukingoni, tukigeuze ndani. Nje hakitaonekana. Lakini wewe ndiye utakayeshikiza ndani kwa mkono, na wewe ndiye utakayemweleza Connie."

Kirezi alishona asubuhi nzima, Mama Mukasine akimkagua. Pindo lililopinda alimfumulisha, akaanza upya mara mbili.

Connie alipokuja, Kirezi alisimama mbele yake. "Dada, nguo yako niliikata vibaya bila ruhusa. Tumeirekebisha. Nisamehe."

Connie akakunja uso, akaenda nyuma ya pazia kuijaribu. Akatoka, akainama kutazama miguu yote miwili. "Imenikaa vizuri," alisema. "Ila siku nyingine, mdogo wangu, niambie kabla sijafika."

Alipoondoka, Mama Mukasine alimvuta Kirezi karibu. "Kukosea mkasi ni jambo la kila fundi," alisema. "Hata mimi nimeharibu nguo nyingi nikijifunza. Lakini jana ulimwacha mtu abebe kosa lako, naye karibu aiache kazi aipendayo. Kosa likisemwa mapema hurekebishwa. Likifichwa, humwangukia asiyehusika."

"Nimesikia, mama," alijibu Kirezi.

Mama Mukasine akafungua kile kitambaa, akatoa mkasi wake, akamwita mteja aliyekuwa akisubiri.