Niliposema Mashine Imezimwa

Wasomaji wenzangu, mnivumilie. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Tanga, mwandiko wangu unapanda na kushuka, herufi nyingine naziruka, na barua hii imenichukua Jumapili tatu. Lakini hasira niliyo nayo haiwezi kungoja nijifunze kuandika vizuri!

Nina miaka ishirini na mmoja. Naishi Falls Church, Virginia, kwa mama mdogo, aliyenileta Marekani na kunitafutia kazi ya kusafisha ofisi. Mimi ni msichana wa haya. Hata nikiulizwa jina, hulisema mara mbili ndipo lisikike.

Mwaka themanini na tano mume wa mama mdogo alianguka ghafla, akafa. Mama mdogo akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya fleti, bila pambo, bila kuonwa na mwanamume wa kando. Walioingia ni wanawake tu.

Hapo ndipo alipokuja Apa...

Alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka Pakistani. Jina lake silitaji. Mwenyewe alitutaka tumwite Apa, maana yake dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Alianza kwa filamu ya wafuma mazulia, kwa mashine ya kupigia picha aliyoiazima, bila kampuni wala bosi. Magazeti yakamsifu kuwa ni jicho la watu wasioonekana. Sasa alitaka filamu ya wajane wa Kiislamu ugenini. Kwa kuwa ni mwanamke na Mwislamu mwenzetu, mama mdogo alimkubali kwa sharti moja: apige picha za mikono yake tu, na kunasa sauti.

Apa hakujua Kiswahili, nami, kwa Kiingereza nilichookota kazini, nikawa mkalimani wake. Aliniambia nina sikio zuri. Aliniambia filamu ijayo tutakwenda pamoja, na kwenye hii jina langu litatokea kwenye pazia. Mimi, msafisha vyoo! Nani aliwahi kuniambia maneno kama hayo?

Siku moja mama mdogo alitaka kutoa la moyoni. Apa aliiweka mashine mezani, akaifunika shela kana kwamba anaipumzisha. Mama mdogo akavua mtandio, maana tulikuwa wanawake watatu, kisha akaniuliza mimi:

"Imezimwa, mwanangu?"

Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Mashine ile ikifanya kazi hunguruma kidogo, kama cherehani iliyo chumba cha pili. Niliisikia. Niliona na kioo chake kimeachwa wazi kwenye mkunjo wa shela. Apa alinitazama, akatabasamu.

"Imezimwa, mama mdogo."

Basi akalia. Akasema mumewe alikufa wakiwa wamenuniana siku tatu, kwa neno la kijinga tu, na asubuhi ile alimmiminia chai bila hata kumsalimu. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Eda ikaisha. Filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja wa chuo mjini Washington. Apa aliwaalika Waswahili wote, hata shemeji zake mama mdogo wanaokaa Woodbridge. Jirani yetu Mkenya, Mama Njoki, alitupeleka kwa gari lake. "Leo nabeba mastaa," alitutania, "msinichafulie viti." Mama mdogo alicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka nikiwa karibu naye.

Mikono yake ilitokea kwanza. Halafu uso! Mkubwa kama ukuta, nywele wazi, mbele ya wanaume... Na maneno yale yote, hadi ile chai. Shemeji yake mkubwa aliinuka akatoka. Mwishoni jina langu likapita, limeandikwa bila kosa: mkalimani. Watu wakapiga makofi.

Nilimfuata Apa, nikamwuliza kwa nini. Alinijibu kwamba kile ndicho kipande bora kuliko vyote, na kwamba siku moja mama mdogo atamshukuru. Alipata tuzo. Leo yuko New York, anapiga filamu kubwa zaidi. Jicho la wasioonekana! Nani aliwauliza kama wanataka kuonekana?

Siku ile tukirudi, kwenye gari nilianza kumlaani Apa. Mama mdogo alikuwa ameelekea dirishani.

"Yule mgeni sikumwuliza," alisema. "Nilikuuliza wewe."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza! Ananipakulia chakula, ananiamsha kwenda kazini. Lakini nikimwambia jiko nimelizima, huinuka akaenda kuligusa kwa mkono wake.

Ninyi vijana mnaowafasiria wazee wenu ugenini, hospitalini au maofisini, msiuze neno lao hata moja kwa sifa za mtu. Wao hawana njia nyingine ya kujua ukweli ila kwenu. Apa nina hasira naye mpaka leo, lakini uongo ule ulitoka kinywani mwangu.

Niandikieni. Kama yuko aliyewahi kuaminiwa tena baada ya kosa kama hili, anieleze alianzaje. Mimi husoma polepole, lakini barua zenu nitazisoma zote.